Sauternes kisiwani: kununua, kutunza na kumimina mvinyo mtamu kwenye joto la Unguja

Chupa ya Sauternes iliyolala ghalani kwake Ufaransa inaweza kukaa miaka hamsini, na ya mwaka mzuri ikavuka hata hapo, ikafunguliwa na bado ikawa tamu. Chupa hiyohiyo ukiisahau ndani ya gari lililofungwa vioo pale Malindi bandarini, mchana wa kaskazi, itakuwa imeiva kabla ya adhana ya alasiri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni habari ya joto. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu, watu wa stoo na wapishi wa hoteli zenye leseni ya vileo, Unguja na Pemba, ambao wanakabidhiwa chupa ya bei kubwa bila mtu kuwaeleza namna ya kuishughulikia.

Jambo moja litangulie. Kazi yote hii inafanyika bila kuonja. Macho, mkono na pua vinatosha kujua kama chupa ni nzima au imeharibika, na wahudumu wengi wa visiwani wasiokunywa wanaifanya kazi hii vizuri kuliko wanaokunywa, kwa kuwa pua zao hazijachoka. Asiyetaka hata kuishika chupa apangiwe sehemu nyingine tangu zamu inapopangwa. Hilo si la kujadiliwa mbele ya meza ya mgeni.

Ni mvinyo gani huu

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa vitu viwili: ule unaofunika shamba alfajiri, na ule unaoota kwenye mkate uliokaa. Huko Sauternes ukungu wa kwanza ndio unaozaa wa pili. Eneo hilo liko kiasi cha kilomita 40 kusini mashariki mwa jiji la Bordeaux, na lina vijiji vitano: Sauternes, Barsac, Bommes, Fargues na Preignac. Mto mdogo wa Ciron, wenye maji baridi, unaingia kwenye mto Garonne wenye maji ya vuguvugu, na kati ya Septemba na Novemba mkutano huo hutoa ukungu mzito asubuhi. Mchana jua hutoka na kukausha. Unyevu wa asubuhi huamsha kuvu aitwaye Botrytis cinerea, naye hutoboa ganda la zabibu vitundu visivyoonekana kwa macho. Jua la mchana huvuta maji kupitia vitundu hivyo. Kinachobaki ndani ya punje iliyonyauka ni sukari, asidi na harufu, vyote vikiwa vimekolea.

Hali ya hewa ikigeuka na mvua ikanyesha mfululizo, kuvu huyohuyo huleta uozo wa kijivu na mavuno hutupwa. Wavunaji nao hupita shamba moja mara kadhaa kwa wiki nyingi, wakichuma punje zilizofikia tu. Kanuni za eneo haziruhusu zaidi ya hektolita 25 za mvinyo, yaani lita 2,500, kwa hekta. Château d'Yquem, shamba lililowekwa peke yake kileleni katika orodha ya mwaka 1855 iliyopanga mashamba ya Bordeaux kwa daraja, hupata karibu hektolita 9, ndiyo maana husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa bilauri moja. Mwaka 2012 Yquem hawakutoa Sauternes kabisa, kwa kuwa mavuno hayakuwaridhisha. Mgeni akiuliza kwa nini nusu chupa ina bei kuliko chupa nzima ya mvinyo mwingine, jibu ndilo hilo.

Zabibu zenyewe ni Sémillon kwa wingi, Sauvignon Blanc, na Muscadelle kidogo. Kilevi huwa asilimia 13 hadi 14, na sukari iliyobaki mara nyingi ni gramu 120 hadi 150 kwa lita, kupita soda ya kawaida. Isingekuwa asidi, ungekuwa kama shira. Zikumbuke tarakimu hizo za sukari. Zitarudi tutakapofika jikoni.

Jina hutamkwa karibu na "Sotèn", na Yquem ni "Ikem". Ukiyasema hivyo inatosha.

Kununua

Nunua nusu chupa, za mililita 375. Mhudumu akimimina mililita 75, anapata glasi tano, na meza mbili zinaimaliza usiku mmoja. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi kumi, na hoteli ndogo ya Paje au Nungwi mara nyingi haina wageni kumi wa mvinyo mtamu kwa wiki. Chupa kubwa iagizwe kwa karamu iliyokwisha lipiwa.

Soma lebo kwa makini. Lazima kuwe na maneno Appellation Sauternes Contrôlée, au Appellation Barsac Contrôlée. Barsac ni kijiji chenye ruhusa ya kutumia jina lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo usimrudishie muuzaji chupa ya Barsac ukidhani umepunjwa. Mtego wa kweli uko kwingine. Mashamba makubwa ya Sauternes hutengeneza pia mvinyo mkavu usio na utamu, wakaupa herufi moja: Yquem wana Y, Guiraud wana G, Rieussec wana R. Jina la shamba linaonekana kubwa kwenye lebo, lakini maneno Appellation Sauternes Contrôlée hayapo. Mgeni aliyeagiza mvinyo wa kumalizia chakula akimiminiwa huo atakunja uso, na kosa litakuwa la aliyenunua. Tena kuna neno "Sauterne" lisilo na s mwishoni, ambalo limetumika Marekani kwa mvinyo mweupe wa bei ndogo usiohusiana kabisa na Ufaransa.

Bajeti ikiwa ndogo, tafuta Loupiac, Cadillac, Sainte-Croix-du-Mont au Monbazillac. Hizo ni sehemu nyingine za Ufaransa zinazotoa mvinyo mtamu kwa zabibu za aina hizohizo na kuvu huyohuyo, kwa bei nafuu zaidi. Ziandike kwenye menyu kwa jina lake. Usiite Monbazillac "Sauternes" ukitegemea kwamba mgeni hajui; wa Kifaransa atajua.

Kabla ya kulipa, inua chupa kwenye mwanga. Mvinyo ujae hadi shingoni. Rangi ya chupa yenye miaka mitano iwe ya dhahabu. Ya miaka thelathini ina haki ya kuwa kahawia nyekundu kama kahawa nyepesi, lakini changa yenye rangi hiyo imepikwa na jua la mahali fulani. Kisha pitisha kidole chini ya ukingo wa kifuniko cha karatasi ya bati. Kukiwa na utandu unaonata, joto lilitanua mvinyo ukasukuma kizibo na kuvuja.

Kuvusha na kutunza

Kwenye boti kutoka Dar es Salaam, panga safari ya kwanza ya asubuhi. Zifunge chupa kwa gazeti kavu, ziweke kwenye sanduku la barafu pamoja na vifurushi viwili vya jeli iliyogandishwa, kisha sanduku likae ndani, mbali na injini. Gazeti ni la lazima, maana chupa ikigusana moja kwa moja na barafu lebo hubanduka, na lebo ya Sauternes ni sehemu ya thamani yake. Anayepokea awe bandarini kabla boti haijafunga gati. Gari lililosimama juani hufika nyuzi 50 na kuzidi kwa muda mfupi, na muda huo unatosha.

Ikifika, ipumzike siku mbili tatu kabla ya kufunguliwa.

Pa kuhifadhi panapofaa ni nyuzi 10 hadi 14, gizani, chupa ikiwa imelala ili kizibo kiwe kimelowa. Stoo ya kawaida ya Mji Mkongwe, hata yenye kuta nene za mawe na chokaa, mara nyingi haishuki chini ya nyuzi 25, na kaskazi inapanda zaidi. Usidanganyike na ubaridi unaousikia mgongoni ukiingia kutoka juani. Weka kipimajoto kwa siku saba, ukisome saa tisa alasiri, ndipo useme stoo yako ina ubaridi.

Jibu ni friji ya mvinyo, iliyowekwa nyuzi 12. Isimame ndani ya chumba, si barazani, na nyuma yake iachiwe nafasi ya upana wa kiganja ili itoe joto. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula mabomba ya nyuma, hivyo yafutwe vumbi na chumvi kila mwezi kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa. Kama hakuna friji ya mvinyo, friji ya jikoni yenye nyuzi 5 inafaa kwa miezi miwili mitatu. Zaidi ya hapo ukavu wake hukausha kizibo, na mtetemo nao hausaidii. Tena isiwe friji yenye samaki na vitunguu.

Umeme wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo wanakumbuka giza la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kukatika kwa saa mbili hakuna madhara makubwa. Kinachoua ni friji yenye chupa tatu tu na hewa tupu, ambayo hupata joto haraka. Ijaze kwa chupa za maji. Maji yaliyopoa hushikilia ubaridi. Umeme ukikatika usifungue mlango. Jenereta ikiwaka, subiri dakika tano kabla ya kuwasha friji tena, kwa kuwa umeme wa mwanzo hupanda na kushuka.

Adui wa pili ni unyevu wa masika. Lebo huota ukungu mweusi, na huu hauna heshima yoyote. Zungushia kila chupa tabaka moja la nailoni nyembamba ya jikoni kabla ya kuilaza. Adui wa tatu ni sisimizi. Ukiona msururu wao unaelekea shingo ya chupa moja kati ya kumi, usiwafukuze kwanza: wamekuonyesha chupa inayovuja. Hiyo itoke kwenye orodha ya kuuza kwa bei ya juu, na ifunguliwe mapema.

Kupoza

Chupa changa inywewe ikiwa na nyuzi 8 hadi 10, ya zamani 10 hadi 12. Ikipoa kupita kiasi harufu hujifunga na mgeni anaona amelipia maji ya sukari. Ikiwa na joto, utamu na kilevi hupanda juu na mvinyo unalemea mdomo. Kisiwani kosa la pili ndilo la kila siku, kwa hiyo toa chupa ikiwa na nyuzi 7 au 8. Kufika mezani itakuwa mahali pake.

Kutoka friji ya nyuzi 12, dakika kumi kwenye ndoo zinatosha. Kutoka joto la chumba, hesabu dakika 15 kwa nusu chupa na 25 kwa chupa nzima. Ndoo iwe na barafu nusu na maji nusu, na konzi moja ya chumvi. Wengi huweka barafu tupu, na hapo chupa hugusana na barafu sehemu chache tu, zilizobaki zinagusana na hewa. Maji ndiyo yanayobeba baridi pande zote. Usitumie friza: chupa husahaulika, mvinyo hutanuka, kizibo husukumwa nje.

Kufungua

Kata karatasi ya bati chini ya mdomo wa chupa, si juu yake. Futa mdomo kwa kitambaa kilicholoa maji ya moto, kwa maana sukari iliyokauka pale hunata na kizibo. Ingiza kizibuo katikati, wima, na uvute kwa hatua mbili pasipo kutikisa. Chupa yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini huwa na kizibo laini kama mkate uliolowa. Tumia kizibuo cha meno mawili bapa, yanayoteremka ubavuni mwa kizibo, kisha zungusha huku ukivuta. Vipande vikianguka ndani, chuja kwa chujio jipya la chuma. La chai lina harufu ya iliki hata likioshwa mara saba.

Na hapa kuna kanuni inayosahaulika katika nyumba nyingi za wageni: pasifukizwe udi kwenye chumba cha chakula saa moja kabla ya mvinyo huu kutolewa. Sare iliyofukizwa, mikono yenye mafuta ya karafuu, vikuba na asumini vya kupamba meza, vyote vizuri kwa nyakati zake. Kwa Sauternes vinaziba pua ya mgeni na yako.

Kupima kwa pua

Mimina kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi safi, zungusha, nusa. Chupa nzima hutoa harufu ya asali, ngozi ya chungwa iliyokaushwa, aprikoti, embe bivu, pengine zafarani na tangawizi.

Ukisikia kiberiti kilichowashwa, usishtuke. Mvinyo wenye sukari nyingi hulindwa na salfa nyingi zaidi kuliko mwingine ili chachu isiamke, na Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miligramu 400 kwa lita kwa Sauternes. Acha glasi dakika kumi, harufu itaondoka. Mgeni mwenye pumu aelezwe habari hii kabla hajaagiza.

Harufu ya kadibodi iliyoloa, au ya gunia lililolala sakafuni masika nzima, ni kizibo kilichoharibika. Hakuna dawa, chupa irudi kwa muuzaji na kizibo chake. Harufu ya sukari iliyoungua pamoja na rangi nzito kwa chupa changa ni joto. Vipovu vinavyopanda kama vya soda vina maana chachu imeamka, na mara nyingi joto ndilo lililoiamsha. Harufu kidogo ya siki au rangi ya kucha ni kawaida ya mvinyo wa kuvu huyu, ila ikitangulia kabla ya asali, kasoro hiyo. Punje nyeupe zinazong'aa chini ya chupa si vioo wala sukari. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Simamisha chupa saa chache, mimina taratibu, uziache chini.

Sasa mimina. Glasi ndogo ya mvinyo mweupe, yenye tumbo na mdomo uliokaza, mililita 75, isipite theluthi. Barazani ambako kuna nyuzi 30 glasi hupata joto ndani ya dakika chache, hivyo afadhali umimine mara mbili nusu nusu kuliko kujaza. Shika glasi kwa mguu wake.

Chakula

Wafaransa huula na maini ya bata aliyenonishwa au jibini ya Roquefort yenye mishipa ya buluu, kwa sababu chumvi na mafuta hukata utamu. Kisiwani vipo vinavyofanya kazi hiyohiyo. Kuku wa kupaka, mwenye nazi, ndimu na moshi wa mkaa, anakubaliana nao ajabu. Kamba wa mchuzi wa nazi wenye tangawizi, vivyo hivyo. Pilipili iwe kidogo, maana kilevi cha asilimia 14 huipepea kama moto wa kifuu. Korosho zilizokaangwa kwa chumvi zinatosha zikiwa peke yake.

Kitindamlo ndicho kinachowakosesha wapishi. Kanuni ni kwamba chakula kisiwe kitamu kuliko mvinyo, la sivyo mvinyo hugeuka mchachu na mwembamba. Kwa hiyo halua hapana. Kaimati zilizochovywa shira hapana. Chokoleti hapana, kwa uchungu wake. Kwa kuwa mpishi wako huenda haonji kilevi, apime kwa mizani: sukari isizidi gramu 120 kwa kila kilo ya kitindamlo kilichokwisha pikwa, yaani isipite ile iliyomo ndani ya mvinyo. Mkate wa kumimina wa nusu kilo ya mchele, ambao nyumbani hutiwa gramu 250 za sukari, utiwe 120. Iliki ibaki palepale. Embe boribo lisiloiva sana, likamuliwe ndimu, halihitaji kitu kingine. Nanasi lililochomwa kidogo juu ya mkaa pia.

Mvinyo huu usiingie kwenye sosi, jeli wala krimu bila kuandikwa wazi kwenye menyu, kwa lugha zote zilizopo hapo. Sufuria na kijiko chake vitengwe, na watu wa jikoni waambiwe kabla ya mlo wa wafanyakazi. Mwezi wa Ramadhani mvinyo utolewe ndani tu, na chupa ikitoka stoo kwenda mkahawani ipite ndani ya mfuko uliofungwa, isibebwe mkononi vichochoroni.

Kilichobaki

Sukari na asidi huulinda, hivyo nusu iliyobaki haifi usiku ule. Rudisha kizibo upande uleule uliokuwa ndani, simamisha chupa kwenye friji, andika tarehe kwenye karatasi ya gundi. Siku nne za kwanza tofauti ni ndogo. Siku ya saba nusa tena kabla ya kuuza. Ikiwa asali imeondoka na imebaki harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa, isiuzwe. Chupa nzima iliyobaki nusu yafaa ihamishiwe mara moja kwenye nusu chupa safi iliyokauka, ijae hadi shingoni, ili hewa isipate nafasi.

Glasi na chupa tupu zisuuzwe kwa maji ya moto usiku huohuo, kabla nyuki na sisimizi hawajaamka nazo. Na chupa tupu ya Yquem au ya shamba jingine lenye jina ikwaruzwe lebo kwa kisu kabla ya kwenda jaani, kwa kuwa wapo wanaonunua chupa tupu, wakajaza wanachojua wao na kuiuza upya.